SOMO: Kusoma Ujerumani – elewa mfumo wao kabla hujachagua chuo

Wapendwa, kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka naulizwa swali lilelile: "Dada, chuo gani Ujerumani ni kizuri?" Naomba swali hilo liwe la mwisho. Vyuo vingi vya umma huku havitozi ada, na hilo ndilo linalowavuta watu. Lakini mfumo wao haumfuati mwanafunzi nyuma kumkumbusha. Kila kanuni imeandikwa, iko wazi, na wanachukulia kwamba umeisoma. Wenzetu wengi ninaowaona wakikwama huku si wazito darasani. Ni kwamba hakuna aliyewaambia mapema mambo yanavyokwenda, na inaniuma kuona kijana mwenye akili zake anarudishwa nyumbani kwa jambo lililoandikwa kwenye ukurasa wa tatu wa kanuni za kozi yake.

HATUA YA 1: Jua cheti chako kinakufikisha wapi

Watoto wa Kijerumani huingia chuo kikuu kwa cheti kinachoitwa Abitur, baada ya miaka 12 au 13 ya shule. Wakiona cheti chako, wanachojiuliza kwanza ni kama kinalingana na hicho. Jibu liko kwenye hifadhidata yao ya serikali iitwayo anabin, ambayo ni ya Kijerumani kitupu, kwa hiyo kaa nayo na programu ya kutafsiri. Tafuta nchi yako, kisha cheti chako.

Cheti cha kidato cha nne peke yake hakikufikishi chuo kikuu. Cha kidato cha sita kinaangaliwa pamoja na masomo na alama zako, na tahasusi ina uzito mkubwa: aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) asitegemee kupokelewa uhandisi. Ndugu zangu wa Kenya wenye KCSE, mara nyingi mtaambiwa msome kwanza chuo nyumbani au mpitie Studienkolleg.

Studienkolleg ni masomo ya maandalizi, kwa kawaida mihula miwili. Unachagua mkondo kulingana na fani unayoitaka: T kwa uhandisi, hesabu na sayansi, M kwa udaktari, baiolojia na famasia, W kwa uchumi na biashara, G kwa masomo ya jamii na lugha. Kuingia kuna mtihani wa usaili, wa Kijerumani, na kwa mikondo kama T na W hesabu pia. Mwishoni unafanya mtihani uitwao Feststellungsprüfung, na alama yake inabebwa pamoja na ya cheti chako unapoomba chuo. Studienkolleg za serikali kwa kawaida hazina ada. Za binafsi zinatoza fedha nyingi, na nyingine mtihani wao wa mwisho inabidi ukaufanyie kwingine, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kulipa chochote.

Wenye digrii, nanyi mtaangalia anabin, ila upande wa vyuo. Chuo chako kikiwa na alama ya H+ kinatambulika.

HATUA YA 2: Geuza alama zako

Huku 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Ukiandika kwenye barua yako "nina GPA ya 4.1" bila maelezo, msomaji anaweza kukuelewa vibaya kabisa.

Vyuo vingi vinatumia kanuni moja ya kubadilisha alama. Kwa vyuo vyetu vya Tanzania vyenye GPA ya juu 5.0 na kufaulu kuanzia 2.0, hesabu yake inarahisika: chukua 6, toa GPA yako. GPA 3.8 inakuwa 2.2. GPA 4.4, yaani First Class inapoanzia, inakuwa 1.6. Na GPA 3.5, pale Upper Second inapoanzia, inakuwa 2.5, na hiyo 2.5 ndiyo kikomo utakachokikuta kwenye kozi nyingi za masters. Fanya hesabu hii leo kabla hujalipia ombi lolote.

Jambo jingine kwa watu wa masters: wanakagua kama ulisoma masomo yanayotakiwa, tena kwa saa za kutosha. Transkripti inaonyesha jina la somo na alama tu. Nenda idarani kwako ukaombe maelezo ya kila somo, mada na saa za mihadhara, yawe na mhuri. Fanya hivyo ukiwa bado nchini, kwa sababu kumtuma mtu akufuatilie idarani ukiwa mbali ni kazi ngumu.

HATUA YA 3: Aina ya chuo

Kuna Universität, inayoegemea nadharia na utafiti, na kuna Fachhochschule, inayoegemea vitendo, ambako kozi nyingi zina muhula mzima wa kufanya kazi kwenye kampuni. Digrii zote mbili zina heshima sokoni. Anayewaza PhD mapema aende Universität. Anayetaka kazi baada ya kuhitimu asiidharau Fachhochschule hata kidogo.

HATUA YA 4: Lugha

Masters za Kiingereza zipo nyingi. Bachelor za Kiingereza kwenye vyuo vya umma ni chache. Kozi za Kijerumani kwa kawaida zinadai kiwango cha C1, yaani ngazi ya juu ya lugha, kwa mitihani kama TestDaF au DSH. Goethe-Institut, wanaofundisha Kijerumani, wapo Dar es Salaam na Nairobi. Hata kama kozi yako ni ya Kiingereza, njoo na Kijerumani cha kujieleza, maana barua zote za ofisi, za bima na za mwenye nyumba zitakuja kwa Kijerumani.

HATUA YA 5: Maombi

Muhula wa baridi unaanza Oktoba, na mwisho wa maombi kwa kawaida ni tarehe 15 Julai. Wa kiangazi, 15 Januari. Kozi nyingi za Kiingereza zinafunga miezi kadhaa kabla ya hapo ili kupisha muda wa viza. Vyuo vingi vinapokea maombi kupitia uni-assist, ofisi ya pamoja inayokagua vyeti vya wageni: yuro 75 kwa ombi la kwanza, 30 kwa kila linalofuata muhula huohuo. Vyeti vya NECTA viko kwa Kiingereza, kwa hiyo kwa kawaida havihitaji kutafsiriwa.

HATUA YA 6: Fedha na viza

Hapa ndipo familia nyingi zinapostuka. Vyuo vingi havina ada, lakini lazima uthibitishe una fedha za kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiasi ni yuro 11,904. Usipokuwa na ufadhili, fedha hizo unaziweka kwenye akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto, kwa jina lako, nayo inakuachia yuro 992 kila mwezi ukishafika. Ni fedha zako za kula na kulala, hakuna anayezichukua.

Kumbuka pia kwamba jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi kutoka nje ya Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo cha TUM cha Munich nacho kimeanza kutoza tangu 2024.

Usije kwa viza ya utalii ukitegemea kuibadilisha ukifika. Haibadilishwi, utarudishwa ukaanze upya ubalozini.

HATUA YA 7: Ukifika

Jiandikishe manispaa ndani ya wiki mbili. Utatakiwa karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, kwa hiyo omba hosteli za Studierendenwerk (shirika la huduma za wanafunzi) siku ileile unapopata barua ya udahili, na usitume amana ya chumba kwa mtu usiyemjua. Kisha bima ya afya, akaunti ya benki, na kibali cha ukaazi.

HATUA YA 8: Mitihani, na hapa nisomeni taratibu

Nyumbani tumezoea test mbili, asaimenti, halafu UE, mtihani wa mwisho wa chuo. Somo likikushinda kuna sapu, yaani mtihani wa marudio. Huku masomo mengi yana mtihani mmoja tu mwishoni, na alama yote iko hapo. Mahudhurio ya mihadhara mara nyingi hayachukuliwi. Unaweza kukaa miezi mitatu bila mtu kukuuliza uko wapi, na hilo ndilo linalowapoteza vijana waliotoka shule za bweni zenye kengele na daftari la mahudhurio.

Somo la krediti 5 linahesabiwa kuwa kazi ya saa 125 hadi 150. Mihadhara ni sehemu ndogo ya saa hizo, zilizobaki ni za kusoma mwenyewe. Nenda kwenye vipindi vya mazoezi, vinaitwa Übung au Tutorium, kwa sababu maswali ya mtihani yanafanana zaidi na ya huko kuliko slaidi za profesa.

Mtihani unajisajili mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, ndani ya tarehe zilizotangazwa. Tarehe ikipita, hufanyi. Ukijisajili usitokee, bila cheti cha daktari, unaandikiwa 5.0. Na kila mtihani una idadi ya majaribio, mara nyingi matatu. Ukifeli la mwisho katika somo la lazima, umedisko, yaani umeondolewa kwenye kozi, na kwa kawaida huwezi tena kusoma kozi hiyohiyo katika chuo kingine Ujerumani. Yote haya yamo kwenye waraka wa kozi uitwao Prüfungsordnung. Usome wiki ya kwanza, hata kama inabidi utafsiriwe sentensi moja moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Morogoro: Shikamoo dada. Nimemaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nataka udaktari Ujerumani.

Marahaba mdogo wangu. Udaktari huku ni zaidi ya miaka sita, unafundishwa kwa Kijerumani, na nafasi zina ushindani nchi nzima. Ukihitaji Studienkolleg, mkondo wako ni M. Kama uko tayari kuipa lugha mwaka au zaidi, anza Goethe sasa. Ila usiache kuomba MUHAS, KCMC au Bugando wakati huohuo, ni vyuo vizuri.

Arusha: Mwanangu, mimi ni mzazi. Kuna wakala anataka milioni kadhaa amtafutie binti yangu chuo, na fedha za akaunti tumtumie yeye.

Shikamoo mama. Tafadhali usitume. Ada ya maombi ni hizo yuro nilizotaja hapo juu. Sperrkonto binti anaifungua mwenyewe mtandaoni, kwa jina lake. Mtu anayetaka fedha hizo zipitie mkononi mwake usiendelee naye.

Mombasa: Dada, hujambo? Nina KCSE ya B. Je, ule mkataba wa Kenya na Ujerumani wa 2024 hauturahisishii?

Sijambo. Mkataba ule unahusu zaidi wafanyakazi na wanaokuja kujifunza ufundi. Masharti ya udahili wa chuo hayakuondolewa. Fikiria Ausbildung: mafunzo ya kazi ya miaka miwili hadi mitatu na nusu, sehemu darasani na sehemu kazini, na mwajiri anakulipa kila mwezi. Wengi watakudai Kijerumani cha B1 au B2.

Dodoma: Nina GPA 3.2 na miaka minne kazini. Nikate tamaa?

Hapana kaka. Unapata 2.8, na zipo kozi zinazopokea hadi 3.0, hasa Fachhochschule. Tazama pia kozi za maendeleo zinazofadhiliwa na DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa ufadhili wa masomo. Zinataka uzoefu wa angalau miaka miwili na digrii uliyoipata si zaidi ya miaka sita iliyopita, ila matokeo wanayaangalia sana, kwa hiyo usiache kuomba na kwingine.

Mwanachama mwingine: Niko Ujerumani tayari. Nimefeli hesabu mara mbili, limebaki jaribio moja. Nifanyeje?

Pole sana, na ahsante kwa kuuliza mapema. Kwanza omba kuuona mtihani wako uliosahihishwa. Ni haki yako na inaitwa Einsicht, kuna siku wanayotangaza. Utaona ulipopotezea alama, na pengine alama zilizosahaulika. Pili, nenda kwa mshauri wa kozi yako, Fachstudienberatung, umwambie wazi. Tatu, angalia kama chuo kinakusajili chenyewe kwa marudio, maana vingine hufanya hivyo, na usipotokea jaribio linahesabika. Kama unaona hesabu hizi hazitakubali, hamia fani nyingine kabla ya jaribio la tatu, ukiwa bado na haki zako zote, lakini pita kwanza ofisi ya wageni, kwa sababu kibali chako cha ukaazi kimeandikwa kwa kozi uliyojia. Niandikie jina la kozi na chuo tuifungue Prüfungsordnung yako pamoja.