Kutengeneza gitaa la nailoni nyumbani: anza na ubao wa mbele

Mwaka 1862 fundi wa Kihispania, Antonio de Torres, alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu. Katika mwili wake, ubao wa mbele tu ndio uliokuwa mbao ya kweli. Alitaka watu waone sauti inatoka wapi. Nami nakuambia hivyo hivyo kabla hujatoa hela: mgongo na mbavu ni urembo, gitaa lenyewe liko mbele.

Hapa tunatengeneza gitaa la nyuzi za nailoni, urefu wa uzi milimita 650. Nyuzi hizo zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma hukaribia mara mbili, na hazimhurumii anayejifunza.

1. Mbao

Ubao wa mbele ni sprusi ya kuagiza (mti wa nchi za baridi), ambayo huuzwa ikiwa imeshapasuliwa jozi. Kwa gitaa la kujifunzia, msindano wa hapa unafaa ukichagua vizuri. Tazama kichwa cha ubao: pete za ukuaji ziwe zimesimama wima na zimebanana. Msindano wa mashamba ya miti hukua haraka, pete zake ni pana, kwa hiyo utapindua rundo zima kabla ya kupata ubao mmoja. Muuzaji atakununia, mzoee.

Mgongo na mbavu, mninga. Shingo, mkangazi mkavu. Ubao wa vidole, ule unaokaa juu ya shingo, mpingo wa sentimita 46 kwa 6.5 usio na ufa. Waulize wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, ila hakikisha una barakoa kabla ya kuukata, maana vumbi lake linawasha pua na ngozi.

2. Ukaushe kwanza

Hatua hii wengi huiruka, hasa sisi wa Pwani. Ukigundisha mihimili (vijiti vya kuimarisha ubao wa mbele kwa ndani) Dar es Salaam ubao ukiwa umenyonya unyevu, kisha gitaa likapelekwa Dodoma, ubao utasinyaa, mihimili itakataa, na ufa utatokea katikati. Chukua kabati kuukuu, weka ndani balbu ya zamani ya uzi (za LED hazina joto la kutosha) na kipima unyevu cha bei rahisi. Ubao na mihimili vikae humo, unyevu ukiwa kati ya asilimia 45 na 50, wiki moja au zaidi. Vitoe siku ya kugundisha tu, na kazi ikiisha virudi kabatini.

3. Unene wa ubao wa mbele

Unganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu. Viinue pamoja kwenye mwanga: ukiona mwanga ukipenya kwenye kiungo, rudia randa, usitegemee gundi ikufichie.

Sasa punguza unene. Noa randa mpaka inyoe nywele za mkono, upige kwa mshazari. Ukifika milimita 3, weka randa chini kila mara usikilize. Shika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, robo ya urefu kutoka juu, uuache uning'inie, kisha gonga katikati kwa nyama ya kidole. Mwanzoni utajibu “tep” na kunyamaza. Kadiri unavyopungua, mlio unashuka na kudumu zaidi. Papo hapo upinde kidogo kwa upana wake: ukianza kukubali bila ubishi, acha. Kwa sprusi hii huangukia milimita 2.5 hivi, lakini ubao mlaini uache mnene zaidi. Usiendelee kuupunguza kwa tamaa ya sauti nzito. Ubao mwembamba mno huvimba nyuma ya daraja (kipande cha mbao kinachofungiwa nyuzi) nyuzi zikishafungwa.

Kata tundu la sauti, kipenyo milimita 85. Gundisha mihimili saba, iliyotawanyika kama vidole kutoka chini ya tundu, kisha mihimili miwili mizito ya kukingama, mmoja juu ya tundu na mwingine chini yake.

4. Kupinda mbavu

Punguza mninga hadi milimita 2. Funga bomba la chuma kwenye jiriwa, ulipashe kwa tochi ya gesi mpaka tone la maji likiruka-ruka juu yake badala ya kutulia. Lowanisha ubao kidogo, uweke ukanda wa bati jembamba upande wa nje ili nyuzi za mbao zisichomoke, kisha anza na kiuno, ndiko kugumu. Usisukume. Egemeza, sogeza mbele na nyuma, na utasikia mbao ikilegea mkononi. Ikikataa, ongeza joto, si nguvu.

5. Kuunga mwili

Laza ubao wa mbele kifudifudi, gundisha shingo, ingiza mbavu kwenye mipasuo ya kisigino cha shingo, zishikize kwa vijiti vidogo kuzunguka ukingo, kisha funga mgongo.

6. Freti

Freti ni vipande vya chuma vinavyokingama kwenye ubao wa vidole. Gawa 650 kwa 17.817: freti ya kwanza iko milimita 36.48 kutoka mwanzo wa uzi, upande wa kichwa cha gitaa. Urefu uliobaki, 613.52, ugawe tena kwa namba ile ile, upate 34.43, na kuendelea. Ya 12 lazima iangukie 325. Isipoangukia hapo, rudia hesabu kabla hujagusa msumeno. Weka alama zote ukipimia kutoka mwanzo, usipime freti kwa freti, makosa yatarundikana.

7. Daraja na nyuzi

Paka shelaki kwa kitambaa, nyembamba sana, ukiacha mahali pa daraja bila kupakwa. Gundisha daraja ili mfupa wa kulalia nyuzi ukae milimita 652 kutoka mwanzo. Hizo 2 za ziada hurekebisha mvutano unaoongezeka unapobonyeza uzi. Mfupa wenyewe omba buchani, uchemshe, uondoe mafuta, uukate.

Acha gundi siku nzima. Funga nyuzi, kisha pima kimo cha uzi juu ya freti ya 12: milimita 3 kwa uzi mwembamba, 4 kwa mnene. Mfupa uchongwe kwa chini, kidogo kidogo, hasa wiki ya kwanza, kwa kuwa ubao bado unajizoeza mzigo na vipimo vitabadilika.