SOMO: Jinsi ya kuanza mbio za ramani na dira (orienteringi) hapa Sweden

Wakuu, kila msitu ukianza kukauka naulizwa "nianzeje?" Naandika mara moja, watakaofuata nitawaelekeza hapa.

1. Tafuta klabu ya mtaani kwenu, uliza siku ya mazoezi ya wazi.

2. Vaa suruali na soksi ndefu. Kupe ni wengi.

3. Chagua njia nyepesi. Ya kijani ndiyo rahisi kabisa, nyeusi ndiyo ngumu kuliko zote.

4. Kodi chipu ya kidoleni, inayorekodi kila kituo (sehemu yenye bendera msituni, iliyowekwa alama kwenye ramani) unachopita.

5. Linganisha ramani na ardhi. Hapa ndipo wageni wengi wanapopotelea. Shika ramani mlalo, weka dira juu yake, kisha geuka wewe, mwili mzima, mpaka sindano ilale sambamba na mistari ya kaskazini. Sasa tazama RANGI: ncha nyekundu lazima ielekee upande wa juu wa ramani, yaani kaskazini. Ikielekea chini, mistari italingana vilevile, nawe utakimbia kinyume kabisa huku ukijiamini. Rudia kila ukitoka kituoni. Kidole gumba kikae pale ulipo, kisogee nawe. Dira isikae karibu na simu, hasa yenye kasha la sumaku.

Tena: nyeupe kwenye ramani SI uwanja. Ni msitu unaopitika. Uwazi ni njano. Kijani kikikolea, kichaka kimebana.

6. Hata ukikata tamaa, pita mahali pa kumalizia uripoti. Usiporipoti watu wataingia msituni kukutafuta.

MASWALI

Mbiombio: Situmii GPS tu?

Hapana. Ni ramani na dira.

Mbiombio: Mimi kilomita 10 namaliza kwa dakika 40, si naanza na nyeusi?

Soma hatua ya 3. Ukiruka kituo kimoja matokeo yako yanafutwa, hata uwe na kasi gani.

Bi Mdogo: Samahani kaka, kati ya vituo viwili kuna kilima. Nipande au nizunguke?

Dada, umeuliza utamu wenyewe wa mchezo huu. Hesabu kontua, yaani mistari ya mwinuko kwenye ramani. Ramani nyingi za msitu zina mita 5 kati ya kontua na kontua, kwa hiyo sita ni mita 30. Wengi huchukulia kupanda mita 10 ni sawa na kuongeza mita 100 za tambarare. Basi kama mzunguko unaongeza chini ya mita 300, zunguka. Kisha tafuta alama kubwa karibu na kituo, mfano njia panda. Mpaka pale kimbia, kutoka pale punguza mwendo usome kila jiwe. Ukiiona bendera ya chungwa na nyeupe palepale ulipoitarajia, utaelewa kwa nini tunarudi hata mvua ikinyesha.

Mzee wa Uppsala: Nyongeza kuhusu kupe: chanjo ipo ya homa ya ubongo wanayoieneza, ila haizuii Lyme, ugonjwa mwingine wa kupe. Jikagueni mwili mkirudi.

Ahsante mzee, shikamoo. Nyuma ya magoti na kinenani ndiko wanakojificha.

Mwalimu Iringa: Huku hatuna ramani hizo. Nifanyeje na skauti wangu?

Mwalimu, chora uwanja wa shule, sentimita 1 iwe mita 10. Weka miti, mabomba, madarasa, na mshale wa kaskazini. Funga vitambaa sehemu kumi, kila kimoja na herufi yake, watoto waziandike kwa mpangilio. Watoke mmojammoja, wasifuatane.