SOMO: NAT64 na DNS64 kwenye Debian (soma kwanza ndipo uulize)

Swali ni lile lile, kutoka Kondele hadi Maseno: kompyuta zenye IPv6 pekee zitafikaje kwenye tovuti za IPv4? (IPv4 na IPv6 ni mifumo miwili ya anwani za mtandao, haiongei moja kwa moja.) Haya, jibu liko hapa: NAT64 hutafsiri pakiti kati ya v6 na v4, hiyo ni kazi ya Jool; DNS64 huipa tovuti ya v4 anwani ya v6, hiyo ni kazi ya unbound. Ukinipigia simu nitakurudisha hapa hapa.

1. Weka jool-dkms, jool-tools na unbound.

2. Washa forwarding (seva kupitisha pakiti za wengine) ya v4 na v6 kwenye sysctl, yaani mipangilio ya kernel. Kama seva hupata IPv6 kwa matangazo ya ruta, weka pia accept_ra=2, la sivyo itaacha kuyasikiliza.

3. modprobe jool, halafu:
jool instance add "saiba" --netfilter --pool6 64:ff9b::/96
(64:ff9b::/96 ni mwanzo wa anwani ya v6; anwani ya v4 hukaa mwishoni mwake.)

4. Kwenye unbound.conf:
module-config: "dns64 validator iterator"
dns64-prefix: 64:ff9b::/96
Ruhusu mtandao wako kwa access-control.

5. Kujaribu. Hapa ndipo watu hulala macho. USIPIGE ping ukiwa kwenye seva yenyewe! Jool hudaka pakiti zinazoingia kutoka nje. Zinazozaliwa ndani ya seva hazipiti mlango huo, kwa hivyo utaona kimya na kuanza kubomoa kitu kizima. Kaa kwenye kompyuta ya mteja, piga ping 64:ff9b::8.8.8.8. Kisha dig AAAA ipv4only.arpa (AAAA ni anwani ya v6 ya jina), lazima uone 64:ff9b::c000:aa, yaani 192.0.0.170 imefichwa kwenye biti 32 za mwisho. Ping ikijibu na jina likakataa, shida ni unbound. Jina likijibu na ping ikafa, angalia Jool na njia.

Na tafadhali, usifunge ICMPv6 yote (ujumbe wa hitilafu na udhibiti wa IPv6) kwenye firewall. Kichwa cha IPv6 ni baiti 40, cha IPv4 ni 20, kwa hivyo pakiti hunenepa ikivuka kutoka v4 kwenda v6. Ujumbe wa "Packet Too Big" usipopita, kurasa ndogo zitafunguka na kubwa zitaning'inia.

MASWALI

Jamaa wa Mamboleo: Nimefanya zote, haishiki. Saidia.
— Umejaribu ukiwa wapi?
Jamaa wa Mamboleo: Kwa seva.
— Hatua ya 5, kaka.

Bosi wa Saiba: Printa yetu ni 192.168.1.50. Mbona haifikiki? Somo lako lina kasoro.
— Somo halina kasoro. 64:ff9b::/96 hairuhusiwi kubeba anwani za ndani. Chukua /96 kutoka 64:ff9b:1::/48, iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Mwanafunzi Kakamega: Mwalimu, programu iliyoandikiwa anwani ya IPv4 moja kwa moja itafanyaje? Haiulizi DNS.
— Swali zuri sana! DNS64 haiwezi kuisaidia. Hapo inakuja 464XLAT: kifaa chenyewe hugeuza v4 kuwa v6, kisha NAT64 yako inairudisha v4. Android inayo tangu toleo la 4.3. Jaribu simu moja kwenye Wi-Fi hiyo, uangalie kama imejipa 192.0.0.4.

Mama Saiba Ahero: Asante fundi. Stima ikipotea na kurudi, yote yamefutika.
— Pole mama. Amri ya hatua ya 3 haikai. Andika mipangilio kwenye /etc/jool/jool.conf, kisha systemctl enable jool. Na ruta uiweke kwenye UPS pamoja na seva.