Namna ya kuandaa utafiti kuhusu vyumba vya kujidunga chini ya uangalizi: mwongozo kutoka Tanga

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na wanafunzi wa afya ya jamii wanaotaka kuchunguza kama vyumba ambamo mtu hujidunga dawa ya kulevya aliyokuja nayo mwenyewe, mbele ya muuguzi na kwa bomba safi la sindano, vingeweza kuwa na nafasi katika miji yetu ya pwani. Tanzania haina chumba cha namna hiyo, na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya inaihesabu hata kete moja, yaani kifurushi kidogo cha dawa hizo, mfukoni kuwa kosa. Kwa hiyo utafiti wetu hauwezi kupima chumba chenyewe. Unaweza kupima tu mazingira ambayo chumba hicho kingeyakuta.

Hatua ya kwanza: soma ushahidi uliopo, na uulize ulilinganishwa na nini

Chumba cha kwanza kilichoruhusiwa rasmi kilifunguliwa Bern, Uswisi, mwaka 1986. Sydney ilifuata mwaka 2001 katika mtaa wa Kings Cross, na Vancouver mwaka 2003 kwa kituo kinachoitwa Insite. Sehemu kubwa ya tafiti utakazozikuta imetoka katika miji hiyo miwili ya mwisho, na hilo pekee linatosha kukufanya usome polepole.

Chukua matokeo yanayonukuliwa mara nyingi, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2011. Katika eneo la mita 500 kuzunguka Insite, kiwango cha vifo vya kuzidisha dawa kilishuka kwa asilimia 35 baada ya kituo kufunguliwa, ilhali katika sehemu nyingine za jiji kilishuka kwa asilimia 9.3. Anayenukuu 35 na kuacha 9.3 ameacha nusu ya hoja, kwa sababu ni ile tofauti kati ya namba hizo mbili inayotupa sababu ya kufikiri kwamba kituo kilichangia. Kumbuka pia kwamba mwaka 2018 uchambuzi mmoja uliojumlisha tafiti kadhaa kuhusu vyumba hivi uliondolewa na jarida lililouchapisha, kwa sababu ya makosa ya mbinu. Kabla ya kunukuu makala yoyote, hakikisha haijaondolewa.

Hatua ya pili: chagua kipimo kinachopimika Tanga

Hapa ndipo mapendekezo mengi ninayoombwa kuyapitia huharibika. Mwandishi huiga kipimo cha Vancouver, yaani vifo, bila kujiuliza kule vilihesabiwaje. Vilihesabiwa kwa sababu kila kifo cha ghafla kilichunguzwa, sababu ikaandikwa, na mahali pakawekwa kwenye ramani. Kwetu, kijana akifia chumbani Ngamiani au Makorora, mara nyingi huoshwa na kuzikwa siku hiyohiyo bila uchunguzi wa maiti, na familia iliyofiwa itasema aliugua ghafla. Wana haki ya kumsitiri mtoto wao. Hesabu ya vifo utakayoipata itakuwa ndogo kuliko ukweli, na hutajua ni ndogo kwa kiasi gani.

Pima badala yake mambo ambayo mtu aliye hai anaweza kukueleza: katika miezi 6 iliyopita amezidiwa mara ngapi hadi kupoteza fahamu, nani alikuwa karibu, na walifanya nini; mara ya mwisho alijidunga wapi; bomba lilikuwa lake au la kupokezana; alichanganya na pombe au vidonge vya usingizi; na ulipita muda gani tangu aliponunua hadi alipojidunga. Swali hili la mwisho nalithamini kuliko yote. Mtu mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, hawezi kutembea nusu saa na kete mkononi, hata chumba kiwe kizuri namna gani.

Usitegemee swali la «Je, ungekitumia chumba hicho?» Mtu wa Tanga aliyekukaribisha maskani atakujibu ndiyo kwa sababu wewe ni mgeni, na mgeni havunjwi moyo. Ukilazimika kuliuliza, lifuatishe na masharti moja baada ya jingine: kama kuna umbali wa dakika 20, kama jina linaandikwa, kama askari anapita nje. Angalia ni sharti lipi linalogeuza jibu.

Hatua ya tatu: vibali

Peleka andiko lako kwenye kamati ya maadili, ukianzia na utaratibu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha jitambulishe kwa uongozi wa mkoa na wilaya. Omba ridhaa iwe ya mdomo, yenye namba badala ya saini, kwa kuwa karatasi yenye jina la mtu anayekiri kosa la jinai ni hatari kwake.

Hatua ya nne: wapate watu bila kuwaanika

Ukienda kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa kama tiba badala ya heroini, utakutana na walioanza tiba. Wanaoendelea kujidunga wako kwingine. Njia inayofaa ni ya kuponi, ambapo washiriki wachache wa mwanzo, tunaowaita mbegu, hupewa kuponi tatu kila mmoja ili wawaalike wenzao. Fanya kazi na waelimishaji rika tangu siku ya kwanza. Chagua mbegu mbili au zaidi za kike na uweke wahojaji wanawake, kwa sababu kuponi zinazoanzia kwa wanaume hubaki kwa wanaume, na akina dada wanaojidunga hujificha zaidi.

Usichore ramani ya maskani. Katika utafiti wetu mmoja wa awali tuliweka alama sahihi mno kwenye ripoti, ripoti ikapita mikononi mwa watu tusiowakusudia, na ndani ya wiki moja maskani mbili zilikuwa tupu. Waliokuwa wanapata mabomba safi pale hatukuwaona kwa miezi. Kosa lilikuwa letu, na bado linaniuma.

Hatua ya tano: saa ya mahojiano

Mwenye arosto atakubali chochote ili apate nauli unayompa, na aliye kwenye stimu, dawa ikiwa bado imemkolea, atasinzia katikati ya swali. Ridhaa ya wote wawili haijakamilika. Muulize mwelimishaji rika saa ambayo mtu huyu ametulia, kisha anza kwa heshima: «Ndugu yangu, naomba dakika 40 zako, ukichoka, tunaacha, na nauli yako iko palepale.» Katika timu awepo aliyefunzwa kumpulizia hewa mtu aliyezidiwa, pamoja na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, ikiwa kituo chenu kinaweza kuitoa. Katika ripoti andika «mtu anayejidunga». Neno «teja» libaki ndani ya nukuu za wahojiwa wenyewe.

Hatua ya sita: rudisha majibu maskani kabla ya ofisini

Soma matokeo kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya waliokupa. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo, tuliwasomea umbali tuliokuwa tumeuandika kwa mita. Kaka mmoja akatusahihisha kwamba wao huhesabu njia kwa vituo vya kusimama kutapika, na siku ya arosto mita 500 zina vituo vitatu. Tulirudi tukalibadilisha dodoso.