Somo: Daftari la bei za vitabu vya chuo, litengenezwe kabla muhula haujaanza

Assalamu alaykum jamaa. Vyuo vikikaribia kufunguliwa maswali huwa ni yale yale: kitabu fulani kinauzwa wapi, bei gani, mbona Dar ni rahisi, mbona mtandaoni wanataka dola. Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona niandike somo zima. Mimi nafanya kazi maktaba, kwa hiyo nitasema zaidi ya vile ninavyovishika kwa mkono. Somo hili halitofanya vitabu viwe bure. Litakusaidia ujue bei kabla hujatoa pesa, na ujue kipi cha kununua, kipi cha kuazima na kipi cha kuachana nacho.

Kwanza tuelewane shida iko wapi. Anayechagua kitabu ni mwalimu, anayelipa ni mwanafunzi, na anayepanga bei hawajui wote wawili. Samaki wa soko la Darajani, hapa kwetu Unguja, unamuuliza bei kabla hajatiwa mfukoni. Kitabu cha chuo unatajiwa jina darasani wiki ya pili, unafika dukani huna pa kulinganisha, bei ni ile utakayoambiwa. Muuzaji naye si lazima awe mwizi. Kakipokea kwa mtu wa Dar, aliyekipokea kwa mwengine, kikapanda boti, na kila mkono umeongeza chake.

Marekani tatizo hili walilitungia sheria mwaka 2008, na sehemu ya vitabu ikaanza kufanya kazi Julai 2010. Mchapishaji anapomnadia mwalimu kitabu lazima amtajie bei, amwambie matoleo yaliyopita yalitoka lini na kimebadilika nini, na kama kipo kwa umbo jengine la bei nafuu. Vitabu vinavyofungwa pamoja na diski au nywila lazima viuzwe pia kimoja kimoja. Vyuo navyo vinatakiwa kuonesha ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) na bei kwenye ratiba ya masomo, kadiri inavyowezekana. Sheria ile haikupanga bei, ilitaka tu bei isemwe mapema. Hapa kwetu darasa lenye watu wawili watatu wenye bidii linaweza kuyatafuta hayo lenyewe.

Hatua ya 1: Orodha, na maswali matatu

Aende kiongozi wa darasa peke yake. Mkienda kumi mnakuwa maandamano. Na asianze na "mwalimu vitabu ghali", maana hapo mwalimu husikia lawama na mazungumzo yameshaharibika. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo mwalimu. Tunaomba, kama utajaaliwa nafasi, orodha ya vitabu vya muhula ujao ili tuanze kuvitafuta mapema. Tungependa kujua kipi ni cha lazima na kipi cha ziada, sura zipi tutazitumia, na kama toleo la nyuma linafaa."

Hilo swali la sura ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Kuna kitabu kina sura ishirini na kozi inatumia tatu. Kitabu hicho hakinunuliwi na kila mtu. Nakala mbili maktaba zinatosha darasa zima.

Hatua ya 2: Kitafute kitabu kwa ISBN, usikitafute kwa jina

Vitabu vya utangulizi wa uchumi vinafanana majina mpaka mtu anachoka. Ukimpigia muuzaji simu kwa jina tu, atakutajia bei ya alichonacho, na huenda sicho.

Geuza kitabu nyuma, tazama penye ile mistari myeusi inayosomwa na mashine. Utaona tarakimu 13, nyingi zinaanza na 978. Vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10. Tarakimu zinazofuata 978 zinakwambia namba ile imetolewa upande gani. Ukiona 9976 au 9987, mchapishaji ni wa Tanzania. Usihangaike na mitandao ya nje, piga simu Dar kwa mchapishaji mwenyewe uulize bei yake, ndipo urudi kwa muuzaji wa Mlandege, hapa mjini, ukijua kaongeza kiasi gani. 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. 81 na 93 ni India, na hapo simama kidogo.

Wachapishaji wakubwa wa Uingereza na Marekani huchapisha kitabu kile kile kwa ajili ya India na nchi nyengine za Asia, karatasi nyepesi, jalada laini, bei chini sana. Mara nyingi yaliyomo ni yale yale, ingawa baadhi hubadilishwa mazoezi au mpangilio wa sura. Tofauti hiyo ya bei ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwanafunzi kutoka Thailand, Supap Kirtsaeng, aliyekuwa akisoma Cornell, alikuwa anawaagiza jamaa zake nyumbani wamnunulie vitabu, wamtumie, naye anaviuza Marekani. Kampuni ya Wiley, mchapishaji wa vitabu hivyo, ikamshitaki, na mwaka 2013 mahakama ikampa ushindi: kitabu halali kilichonunuliwa nje mwenyewe anaweza kukiuza. Sisemi mkafanye biashara ya Kirtsaeng. Nasema kitabu kimoja kinaweza kuwa na bei mbili au tatu duniani, na ISBN ndiyo inayokuonesha uko kwenye ipi.

Fungua pia ukurasa wa nyuma ya ule wa jina la kitabu, ule wa haki za mchapishaji. Hapo panaandikwa toleo la ngapi na mwaka gani. Kuchapwa tena si toleo jipya. Kitabu cha toleo la tatu kilichochapwa tena mara nne ni kile kile, na muuzaji akikwambia "hii ni ya mwaka huu" ili akuongezee bei, mfungulie ukurasa huo.

Hatua ya 3: Toleo la zamani, lini ndiyo na lini hapana

Hesabu, takwimu za mwanzo, fizikia ya mwaka wa kwanza, sarufi: toleo la nyuma linafaa bila wasiwasi. Lipigeni picha zoezi kutoka kitabu kipya cha mmoja wenu, kwa sababu namba za maswali ndizo zinazobadilishwa zaidi, na mwalimu akisema "fanyeni swali la saba" mnajikuta mnafanya mengine.

Uhasibu ni mtihani. Kiwango cha kimataifa cha mikataba ya kukodi, IFRS 16, kilianza kutumika Januari 2019 kikaondoa kile cha zamani, IAS 17. Kitabu kinachokufundisha IAS 17 kama ndiyo sheria ya leo kitakupotezea alama hata ukikipata kwa shilingi elfu tano. Sheria ni hivyo hivyo: Zanzibar ina Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, kwa hiyo kitabu cha jinai cha kabla ya hapo kisome kwa misingi tu, vifungu vitazame kwenye sheria yenyewe. Dawa na uuguzi, vipimo vya dawa hubadilika. Mwalimu akisisitiza toleo jipya, msibishane naye.

Hatua ya 4: Jedwali

Google Sheets, Excel au daftari la mistari, chochote. Kila kitabu na mstari wake: jina, mwandishi, toleo, ISBN, lazima au ziada, sura zinazotumika, nakala ngapi ziko maktaba, bei ya mjini, bei ya Dar, bei ya mtandaoni, usafiri, tarehe ya kuuliza, na aliyeuliza. Tarehe na aliyeuliza msiviache. Bei isiyo na tarehe ni uvumi. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee wamesema, na hapa kinachoisha ni bumu, pesa yako ya mkopo wa chuo.

Usafiri uwe na safu yake. Tuseme, kwa mfano wa kutunga, kitabu mjini ni 60,000 na Dar ni 45,000. Ukiagiza kimoja, mzigo na usumbufu ukala 12,000, umeokoa 3,000 na wiki nzima ya kusubiri. Mkiagiza kumi kwenye boksi moja, hesabu inageuka kabisa.

Na wekeni safu ya kopi, kwa sababu watu wanaamini kopi ni rahisi siku zote. Kurasa 600 kwa shilingi 100 kila ukurasa ni 60,000, hujabaindi bado. Kwa shilingi 50 ni 30,000, halafu mwakani hakuna atakayeinunua.

Hatua ya 5: Vya bure vya halali

Maktaba ya chuo kwanza. Mwombeni mkutubi kitabu kinachogombewa kiwekwe kwenye rafu ya kusomea humo humo, kisiazimwe wiki mbili mbili. Tukiombwa na darasa tunafanya. Tusipoombwa hatujui kinagombewa. Maktaba kuu ya Maisara, na ya Chake Chake kwa walioko Pemba, msizidharau kwa vitabu vya misingi.

OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Texas, tangu 2012 inatoa vitabu kamili vya fizikia, baiolojia, takwimu, saikolojia, uchumi, na kadhalika. Unapakua bure, na kuvitoa kopi ni ruhusa. Angalizo moja: cha uhasibu kimejengwa juu ya kanuni za Kimarekani, kwa hiyo kitumie kuelewa, usikitumie kujibia mtihani wa viwango vya kimataifa (IFRS). Watu wa afya waulize chuo chao kama kimesajiliwa Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Vitabu na majarida yanafunguka kwa nywila ya chuo.

Hatua ya 6: Nunueni pamoja

Pesa zikusanywe na watu wawili, risiti ipigwe picha iwekwe kundini siku hiyo hiyo. Mwisho wa mwaka jedwali liende kwa darasa linalofuata pamoja na vitabu vyenyewe. Nusu ya bei kwa kitabu kisichochanika ni haki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mtoto wa Konde: Dada, hayo ya Darajani na Mlandege ni ya watu wa Unguja. Sisi tulioko Wete kitabu kinapanda boti mara mbili. Tufanyeje?
Jibu: Kweli kabisa, na ndiyo maana nimesema usafiri uwe na safu yake. Ukipiga simu Dar usiulize "bei gani", uliza "bei gani mpaka Wete, mkononi". Wengine wana mtu wa kupakia moja kwa moja boti ya Pemba, hakishuki bandarini Malindi, Unguja. Pia unganeni na walimu wa skuli za sekondari na wanafunzi wa vyuo vyengine hapo hapo. Boksi halijali nani anasoma wapi.

Mwanasheria Mtarajiwa: Steshenari ya jirani na chuo chetu ina vitabu vizima vimeshatolewa kopi, unachagua tu. Si halali, sivyo?
Jibu: Ndivyo, si halali. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, mbali na ile ya Bara ya 1999, na kutoa kopi kitabu kizima cha mtu ukakiuza ni kuivunja. Sura moja ya kujisomea ni jambo jengine. Lakini wewe ndiye mwanasheria, mimi mkutubi.

Sijasema Jina: Kuna mwalimu anatuuzia kitini chake, na anayenunua jina lake linaandikwa. Tunaogopa kutonunua.
Jibu: Kitieni kwenye jedwali kama kitabu chengine chochote: jina, kurasa, bei, tarehe. Msiandike maoni. Kisha kiongozi amwombe nakala moja iwekwe maktaba. Wengi hukubali, na kikishakuwa maktaba hofu yote inapungua. Likiendelea suala la majina kuhusishwa na alama, hilo si la vitabu tena. Lipelekeni serikali ya wanafunzi au mkuu wa idara kwa maandishi, kwa jina la darasa, si la mtu mmoja.

Mwalimu wa Tunguu: Mimi ni upande wa pili. Kusema kweli bei siijui, wakala huniletea nakala ya bure. Wanafunzi wakija na jedwali wanitarajie nifanye nini?
Jibu: Ahsante sana mwalimu kwa kujitokeza. Mambo mawili tu. Mwulize wakala bei hapo hapo mbele yako, kabla hujakubali. Na ukitaja kitabu kwenye muhtasari wa kozi, ongeza maneno "au toleo lolote kuanzia la mwaka fulani". Mstari huo mmoja unawafungulia wanafunzi vitabu vyote vilivyotumika.

Mama wa Fuoni: Mwanangu yuko mwaka wa kwanza, anataka laki mbili za vitabu. Kanitumia picha ya jalada tu. Simtuhumu, lakini nitajuaje?
Jibu: Shikamoo mama. Mwambie akutumie ISBN na jina la duka, kisha piga simu dukani mwenyewe, na ukiridhika ulipe kwa simu moja kwa moja kwa mwenye duka. Muulize pia vyote hivyo ni vya muhula huu? Vya muhula wa pili visubiri, mwalimu anaweza kubadilishwa na orodha nayo ikabadilika.