Siku 37 za kufundishia chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Walimu wenzangu wa historia, kabla ya kuwaandikia wanafunzi ubaoni sababu za vita ya 1914, yaani miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ubeberu na utaifa, wapeni kwanza kalenda ya siku 37. Andikeni kila tukio kwenye kipande cha karatasi: mauaji ya Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, huko Sarajevo tarehe 28 Juni, masharti ya Austria-Hungaria kwa Serbia tarehe 23 Julai, yaliyotakiwa kujibiwa ndani ya saa 48, tangazo la vita la Austria-Hungaria dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai, Ujerumani dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti na dhidi ya Ufaransa tarehe 3, kisha Uingereza kuingia tarehe 4, baada ya Ubelgiji kuvamiwa.

Changanyeni karatasi hizo, kila kundi lizipange upya, halafu muulize swali moja tu: ni wapi mtu fulani angeweza kusimamisha mambo, na kwa nini hakufanya hivyo? Hapo miungano inaacha kuwa neno la kukariri, kwa sababu mwanafunzi anajionea jinsi Urusi ilivyoiunga mkono Serbia na Ujerumani ikasimama na Austria. Msiharakishe hatua hii, hata ikimaliza kipindi kizima.

Kwa madarasa ya Tanzania, ongezeni karatasi ya mwisho: tarehe 8 Agosti, manowari ya Uingereza iliishambulia Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Ujerumani.