Mwanga ukiingia ziwani: tukokotoe pamoja

Jana wanafunzi wangu wanne wa tuisheni hapa Kirumba, Mwanza, wamekosa swali moja, na wote wameteleza palepale. Nimeona nililete hapa.

Swali: Mvuvi wa dagaa amefunga taa ubavuni mwa mtumbwi. Mwale mmoja unagusa maji kwa pembe ya 40° kutoka kwenye uso wa maji. Kama n ya maji (namba inayoonyesha maji yanaupinda mwanga kiasi gani) ni 1.33, ndani ya maji mwale utakwenda kwa pembe gani?

Hatua ya 1: Chora. Kikokotoo kiache kwanza mfukoni. Mstari wa ulalo ndio uso wa ziwa. Pale mwale unapogusa, simamisha mstari wa nukta, wima kabisa. Huo ndio nomali, na pembe zote hupimwa kutoka kwake.

Hatua ya 2: Hapa ndipo walipoanguka. Ile 40° imepimwa kutoka kwenye maji, siyo kwenye nomali. Pembe ya kuingia ni 90 − 40 = 50°. Watunga mitihani wanaupenda mtego huu kama paka wanavyolipenda soko la samaki la Mwaloni. Hata mimi ulininasa nikiwa kidato cha tatu.

Hatua ya 3: sin ya pembe ya ndani ya maji ni sin ya pembe ya kuingia ÷ n. sin 50° = 0.766. Gawanya kwa 1.33, unapata 0.576. Tafuta pembe yenye sin hiyo: 35.2°.

Hatua ya 4: Kagua. Mwale ukitoka hewani kuingia majini husogea karibu na nomali, kwa hiyo jibu lazima liwe chini ya 50°.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Mbona sato nikimwona karibu, nikitumbukiza mkono simfikii?

Marahaba. Ukimtazama wima kutoka juu, kina halisi ni kile unachokiona mara 1.33. Unamwona sm 60, kumbe yuko sm 80. Ukimtazama kwa upande, fomula hii usiitumie. Hapo anaonekana juu zaidi.

— Mimi nimekwama kwenye sumaku. Waya mnyoofu, ampea 5, umbali sm 10. Kitabu kinasema uga wa sumaku hapo ni tesla 10⁻⁵, mimi napata 10⁻⁷.

Umeweka 10 badala ya mita 0.1. Rudia: 2 × 10⁻⁷ × 5 ÷ 0.1.

— Nimeligeuza swali lako. Taa iko chini ya maji, mwale unapanda kwa 50° kutoka nomali. Kikokotoo kinagoma!

Hakijaharibika. 1.33 × 0.766 = 1.02, na sin haiwezi kuzidi 1. Maana yake mwale hautoki kabisa, unaakisiwa wote kurudi chini. Kwa maji mpaka ni kama 49°, nawe umeupita kidogo tu. Jaribu 48°.

— Nimepata 81°. Ina maana unatoka umelala?

Eee, karibu unalamba maji.